Kipande Nilichokiacha Nje

Wangeci mwanangu,

Sanduku lako liko hapa mlangoni, limefungwa kwa kamba, na wewe uko Wamagana kwa cucu, nyanya yako. Umesema utapita asubuhi kulichukua tu. Hutakaa, hutakunywa chai. Kwa hivyo ninaandika. Ningeweza kukungoja nikuambie kwa mdomo, lakini najijua. Nikikuona nitalia, wewe utasema naigiza, na gari la Nanyuki litapiga honi kabla sijalitamka neno lenyewe. Nakuomba usome hadi mwisho. Ukifika katikati ukashikwa na hasira, kaa juu ya sanduku uendelee kusoma. Usiichane, tafadhali.

Sitakuandikia juu ya blanketi wala jiko la gesi wala vumbi la Doldol unakohamia kufundisha. Hayo unayaweza. Nataka kuandika juu ya ile video.

Hukuja kwenye ngurario yangu, harusi yetu ya kimila, na sikulaumu. Ulisema baba yako alikufa bila kunifanyia, na huwezi kupiga vigelegele mwanamume mwingine akikata mbuzi mahali ambapo baba yako angekata. Ni kweli. Baba yako aliahidi kila Desemba, na kila Desemba kulikuwa na karo au paa linalovuja, halafu kukawa na jeneza, na wewe uko kidato cha pili. Nilimpenda. Ninaandika hivyo kwa mkono huu huu wenye pete ya mtu mwingine, na sioni haya, kwa sababu moyo wangu haukumfukuza mmoja ili kumkaribisha wa pili.

Lakini laiti ungeniona siku ile, Wangeci. Mwanamke wa umri wangu, muuza chai na mandazi wa Giakanja, nimefunikwa leso kutoka kichwani hadi vifundoni, na moyo unadunda kama wa msichana. Tulipangwa mstari mbele ya hema, wanawake peke yetu, wote tumefunikwa sawasawa. Lemayian, mume wangu (niruhusu niandike tena, mume wangu), alitakiwa anichague bila kuona uso. Akikosea, faini. Nilijua atatazama miguu, maana kwa muda mrefu amekaa kwenye hoteli yangu akiitazama miguu hii ikipita katikati ya meza. Kwa hivyo tulipokuwa nyuma ya nyumba nilibadilishana viatu na rafiki yangu Mama Ciku. Vile viatu vyangu vya buluu, unavijua.

Akaja. Akatembea mbele yetu polepole kama mtu anayechagua mbuzi sokoni, watu wanacheka, na alipofika kwenye viatu vya buluu akasimama. Akafunua leso, mikono miwili ameinyoosha, uso wote unang'aa. Chini ya leso ni Mama Ciku, ametoa ulimi. Hema lote likavunjika kwa kicheko. Mama Ciku akamkumbatia akakataa kumwachilia. Wazee wakapiga kelele kwamba faini ni mbuzi mwingine, na aletwe sasa hivi. Lemayian akachomoa simu, akatoka nje ya hema akiongea kwa haraka, kumwambia mtu wake alete mbuzi. Watu nyuma yake wanamzomea kwa furaha.

Hapo ndipo kile kipande ulichokiona kinaishia. Mume anafunua leso ya mwanamke mwingine, anamkumbatia, kisha anaondoka na simu sikioni huku wageni wakimzomea.

Kilichofuata hukukiona. Alirudi. Akapita mstari mara ya pili, wala hakutazama miguu ya mtu. Alipofika kwangu akasimama akasema kwa sauti ya chini, "Huyu ananukia iliki. Ni huyu." Nililia chini ya leso kabla hajaigusa. Kisha akakata mkono wa mbuzi, akanilisha kipande cha kwanza kwa vidole vyake. Nimeishi miaka yote hii, Wangeci, na hakuna mtu aliyewahi kunijua kwa harufu ya kazi yangu.

Sasa ninafika pale ambapo kalamu inakuwa nzito.

Ulisema utamtafuta huyo mjinga aliyeikata hiyo video na kuieneza hadi umpate. Umempata. Ni mimi.

Jioni ile ile, wageni wameondoka na sufuria zimelowekwa, niliketi kitandani na simu. Binamu yako alikuwa amerekodi kila kitu akanitumia. Nilikuwa na furaha ambayo haikutoshea ndani ya nyumba. Nilitaka kila mtu mwenye namba yangu aione, wanakwaya, wateja, hata yule mwanamke wa Wamagana aliyesema mimi ni mzee mno kuolewa. Nikaiweka kwenye stetasi. Unajua vile stetasi hufanya, haikubali video ndefu, inaikata vipande vipande. Kipande cha kwanza kikaenda. Nikaandika juu yake, "Nimeachwa kwa mbuzi", nikaweka vile vikatuni vinavyocheka hadi machozi. Cha pili kikazunguka, kikazunguka, kisha bando likaisha. Nikasema nitamalizia kesho.

Kesho yake sikumalizia. Tulikwenda Nanyuki, mimi na yeye, siku mbili, fungate yangu ya kwanza maishani. Nikazima simu. Nilitaka dunia iwe ni yeye na mimi na mlima, na yeye akinionyesha jinsi mlima unavyobadilika sura ukiuzunguka. Alisema mtu wa Giakanja na mtu wa Doldol wanaweza kubishana siku nzima juu ya mlima huo mmoja na wote wakawa wanasema ukweli. Nilimwona kama mtu mwenye hekima ya ajabu. Nilikuwa hivyo, mwanangu. Nilikuwa msichana.

Wakati mimi nikitazama mlima, kipande kile kilikuwa kinatembea. Mtu alikichukua akampelekea mwingine. Vikatuni vya kucheka vilibaki nyuma njiani, na mahali pake pakawekwa maneno kwamba mama wa Nyeri ameachwa mbele ya wageni na bwana amekimbilia kipusa. Mama Ciku ana wajukuu. Alipoyasoma alisema, "Ati mimi kipusa, na hizi mvi zangu. Mwenye aliandika hii abarikiwe." Yeye alicheka. Wewe ulionyeshwa kwenye chumba cha walimu kule Karatina, na wanafunzi wako wakanong'ona ukipita. Ukanipigia simu, haipatikani. Ukapiga tena. Ukaacha darasa katikati ya siku, ukaja hadi hapa, ukakuta mlango una kufuli. Majirani walikuambia sijaonekana. Ninajua ulifikiria nini kuhusu mama yako aliyeaibishwa na nyumba iliyofungwa. Naomba Mungu aniondolee picha hiyo, ya wewe ukizunguka nyumba na kuchungulia madirishani, lakini haiondoki.

Halafu sisi tukatokea barabarani, tumeshikana mikono.

Ulikuwa umeketi kwenye ngazi ya mlango. Hukunisalimu. Ulimtazama yeye ukasema, "Wewe ulimwacha mama yangu kwa mbuzi mbele ya watu. Sasa umerudi kwa sababu ya shamba, ama?" Alinigeukia mimi. Wangeci, alinitazama akingoja, na alikuwa anajua. Njiani, nilipowasha simu na ujumbe ukaanza kuingia kama mvua, nilimwonyesha kila kitu na alicheka kwa upole akasema nimwambie mtoto upesi. Alikuwa anangoja nifungue mdomo niseme, "Mwanangu, ni mimi niliyeiweka."

Nami nikachukua mfuko wa viazi nikaupeleka ndani.

Hiyo tu. Sikusema uongo, nilibeba viazi. Niliporudi ulikuwa umeshasema nichague, wewe ama yeye, na yeye alikuwa anavua kofia akikuaga. Asubuhi alikwenda kwao Doldol na koti lake na chupa ya chai tu, akasema hii nyumba iwe yako hadi utakapoondoka. Nilimkimbilia hadi kwenye lango, nikamwuliza kwa nini hakujitetea. Akasema, "Nikijitetea, nitakuwa nimekushtaki kwa mtoto wako. Wewe ndiye mama. Utamwambia ukiwa tayari." Kila jioni ananipigia simu, na jambo la kwanza anauliza, "Mtoto amekula?" Nyinyi wawili mnakula katika nyumba mbili tofauti kwa sababu yangu, na nyote mnanionea huruma.

Utauliza kwa nini sikusema siku zote hizi ukiwa hapa, ukipanga nguo zako bila kunitazama. Nitakuambia. Unakumbuka likizo ya Aprili, ulipokuja hotelini ukasema unataka kulijaribu somo lako jipya kwetu kabla ya kulifundisha darasani? Ulichukua karatasi ya gazeti niliyokuwa nafungia mandazi, ilikuwa na tangazo la dawa ya kuondoa kitambi, ukalinyanyua mbele ya wateja. Ukasema kila ujumbe unaotujia, kwa gazeti, redio ama simu, tuuulize maswali matatu. Nani ameutengeneza? Anataka mimi nifanye nini? Na nini kimeachwa nje? Ukaniuliza mimi kwanza. Nikajibu kwamba ametengeneza daktari, kwa sababu amevaa koti jeupe. Hoteli nzima ilicheka. Yule mzee wa kiti cha pembeni akakuuliza, "Mwalimu, na hiyo picha ya chai iko hapo ukutani, nani ameitengeneza? Mimi hapa sijawahi kupewa chai iko na maziwa hivyo." Ukacheka hadi ukaegemea kaunta. Nilikuwa na fahari siku ile iliyonizidi. Usiku nilikuwa nauliza maswali hayo kwa kila kitu, hata kwa pakiti ya majani ya chai.

Kwa hivyo uliposema "huyo mjinga", niliona hoteli nzima inacheka tena, na safari hii mwalimu hacheki. Niliona haya mbele ya mtoto wangu. Mtu anaweza kuona haya mbele ya mzazi akavumilia. Mbele ya mtoto uliyemsomesha kwa mandazi, haivumiliki. Niliogopa hivyo nikakuacha umchukie mtu asiye na hatia. Nilimtoa yeye kama ngao.

Na bado hilo si kosa langu kubwa. Kubwa ni lile lililokufanya uamini upesi namna ile. Nimelifikiria sana wiki hii, na sioni pa kulificha.

Ulipokuwa mdogo ukikataa kulala, nilikuambia watu wa Doldol watakuja. Sikuwa nimewahi kufika Doldol. Sikuwa ninamjua mtu hata mmoja wa huko. Nilikuwa nimeona kwenye televisheni nyasi zinaungua, shule haina paa, wanaume wanakimbia, nikachukua hiyo picha nikakulaza nayo. Ulikuwa unajifunika kichwa na kunyamaza, nami nikafurahi kwamba imefanya kazi. Miaka mingi baadaye ukapangiwa kufundisha huko, ukaitafuta shule kwenye simu, ikatokea ile ile isiyo na paa, ukalia mezani. Nilikushika bega nikakuambia usijali. Sikukuambia ni mimi niliyekupa hicho kilio.

Sijakuambia pia nilivyokutana na mume wangu. Ulidhani tulikutana kanisani na nikakuacha udhani hivyo. Alikuwa analeta mbuzi kwa bucha ya jirani, kisha anaingia kwangu kunywa chai. Kila mara alikaa akiipa televisheni mgongo. Siku moja taarifa ya habari ikawa ya Doldol, nikaiona shule ile, nikasema kwa sauti ili hoteli yote isikie kwamba hao watu ni wabaya sana. Yeye akainua kikombe. "Mama Wangeci, niongezee chai. Mimi ni mmoja wa hao wabaya, lakini hata mbaya anasikia baridi."

Nilitaka ardhi inimeze. Nikamwongezea chai, nikamwagia meza. Nikamwuliza juu ya ile shule, nikitafuta tu la kusema. Akageuka, mara ya kwanza, akaitazama televisheni. "Msichana wangu amemalizia hapo kidato cha nne. Shule ilipata mabati kitambo. Ni picha ndiyo haijapata."

Nilikuwa nimeiona picha hiyo mara ngapi? Haikunijia kuuliza ilipigwa lini. Nilimpenda hapo, Wangeci, nikiwa na kitambaa cha meza mkononi. Nilimpenda kwa sababu hakunikasirikia, na kwa sababu siku nyingine alirudi, na nyingine, akakaa pale pale, na mimi nikaanza kuzima televisheni saa ya yeye kufika. Sikuwa ninaizima kwa ajili ya ukweli. Niliizima ili nimsikie akicheka.

Sasa unaona kilichotokea. Ulipoona kipande changu kwenye simu, hukukiona peke yake. Chini yake kulikuwa na mtoto aliyejifunika kichwa, na mama anayemwambia wanakuja. Mtu yeyote angeamini. Mimi ndiye niliyekutengenezea ile video mara mbili, mara ya kwanza ukiwa na miaka minne.

Mwanangu, siombi unisamehe leo. Naomba tu usiondoke ukibeba uongo wangu hadi kwenye shule yenye mabati. Ukiondoka hivyo kesho, Krismasi hutakuja, na ukija utakuja kama mgeni, na mimi nitakaa katikati ya watu wawili ninaowapenda kuliko pumzi yangu nikitazama mlango. Siwezi. Nimejaribu kufikiria jinsi nitakavyoweza na sioni.

Simu yangu nimeiacha juu ya sanduku. Nimeitoa namba ya siri. Video yote iko humo, ndefu, na mkono wa binamu yako unatetemeka kwa kicheko, lakini itazame. Itazame hadi pale kwenye iliki.

Na utakapolifundisha somo lako huko, usitumie karatasi ya mandazi. Tumia mimi. Waonyeshe wanafunzi kipande cha kwanza tu, uwaulize wanaona nini. Wengine watamjua mzee wao kwa koti, watakasirika, wengine watacheka. Waache. Halafu waonyeshe kilichobaki. Wakikuuliza ni nani aliyekikata, na watauliza, usiwaambie ni watu wa mitandaoni. Waambie ni mama yako. Waambie hakuwa mtu mbaya, alikuwa na furaha kupita kiasi na bando likaisha, kisha akaogopa kusema. Nadhani watoto wanahitaji kujua kwamba inaweza kuwa hivyo pia. Nitaona haya nikiwa huku Giakanja, lakini nitakuwa nimelipia kidogo.

Jambo la mwisho. Kesho utakaposhuka Doldol utamkuta kwenye stendi. Sikumtuma. Nilimwomba asiende, nikijua hasira yako, akasema mgeni hashukii mahali asipojua mtu. Hatakusogelea. Atasimama ng'ambo ya barabara na lile koti lake, na ana chupa ya chai, niliyompikia mwenyewe siku anaondoka akasema ataitunza chupa hiyo. Chai ya kesho ataipika yeye, kwa hivyo usitarajie makubwa. Ukimpita hatakuita. Ameniahidi.

Lakini ukiweza kusimama, hata na sanduku mkononi, hata bila kusalimu, jiulize lile swali lako la tatu, nini kimeachwa nje. Jibu litakuwa limesimama pale ng'ambo, linapoa pamoja na chai.

Mimi niliyeianza hii safari yote kwa bando la mwisho wa siku,
mama yako, na mke wa Lemayian